Sauti Imeshukia Makambako

Huku Nyanda za Juu Kusini mtu hasomei ufundi mitambo, anakabidhiwa. Ukionekana kanisani na laptopu, hata kama ulikuwa unaipeleka ikatengenezwe, kuanzia siku hiyo wewe ni fundi. Mimi cheo hicho nilipewa na shangazi yangu, mhazini wa kwaya moja mjini Iringa. Alisikia kwamba huku Mbeya nina chumba nyuma ya steshenari pale Mwanjelwa, kimebandikwa magodoro ukutani. Kwa Shangazi, chumba chenye magodoro ukutani badala ya kitandani kina maelezo mawili tu, na lile la pili hakutaka kulifikiria. Akatangaza kwenye kamati kwamba mtoto wa kaka yake ana studio.

Watu wa Dar es Salaam huniuliza kwa nini nahangaika na nyaya wakati ningeweza kusimamisha maiki mbele ya spika ya kinanda nikarekodi nikamaliza. Hao hawajawahi kukaa chini ya bati la Mbeya mwezi wa pili. Mvua ikishaanza Novemba, mpaka Aprili kuna mpiga ngoma juu ya dari ambaye hakuna kwaya iliyomwalika, na maiki haina ubaguzi, inamrekodi naye. Waya haulowi. Sauti ikitoka kwenye kinanda kwa waya mpaka ndani ya kompyuta, haigusi hewa hata kidogo. Haikutani na mvua, wala jogoo, wala yule bwana wa dawa ya panya na kipaza sauti chake. Waimbaji ndio tunaowasubirisha mpaka bati litulie, kwa hiyo nyimbo nyingi za alfajiri ya ufufuo tunazirekodi saa sita za usiku.

Ila sauti inayopita kwenye nyaya ina tabia za abiria wa kuunganisha magari. Haipotei, inashukia pengine. Mtu anatoka Songea kwenda Iringa, anatakiwa abadilishe gari Makambako. Akipanda lisilo lake hafi, jioni anakupigia simu yuko Chimala, anauliza mbona Iringa kuna mashamba ya mpunga. Ndiyo maana kwenye chumba changu hatusemi sauti imepotea. Tunaulizana imeshukia wapi.

Kinanda cha kwaya ya Shangazi hakiruhusiwi kutoka Iringa bila muhtasari wa kikao, kwa hiyo mimi ndiye niliyekifuata. Nyuma kina tundu la mraba ambalo watu wote wanalijua kama tundu la printa, kwa sababu ndivyo lilivyo. Madukani Miyomboni waya wa namna hiyo upo, lakini Shangazi hawezi kuidhinisha kununua kitu ambacho mtu anaweza kuazima. Nikaazima steshenari. Matokeo yake waya ulikuwa Iringa na printa ilikuwa Mbeya, na dada wa steshenari alikuwa hewani.

“Kaka, hapa kuna mwanafunzi ana ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Anasubiri.”

“Mwambie kwaya iko ubeti wa pili.”

“Nimemwambia. Anauliza nyimbo ina beti ngapi.”

Huo waya mmoja unabeba vitu viwili ambavyo havina undugu. Kimoja ni sauti yenyewe, imekatwakatwa kuwa namba. Kingine ni MIDI, na hapa ndipo kamati nzima iliponipinga, kwa sababu nilisema MIDI haibebi sauti. Inabeba taarifa tu: kitufe namba 60 kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, sasa kimeachiwa. Ni barua ya kumweleza mtu mwingine apige nini, na yule mwingine atapiga kwa sauti aliyonayo yeye. Utaratibu huo uliasisiwa na watu wawili waliokuwa wakigombea wateja walewale, Mmarekani Dave Smith wa Sequential Circuits na Mjapani Ikutaro Kakehashi wa Roland. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM kule California, kinanda cha Smith kikaunganishwa na cha Kakehashi, mtu akabonyeza hiki na kile kikaitikia. Makampuni hasimu yalikubaliana mambo yote hayo kwa waya wenye pini tano. Kamati ya kwaya ya Shangazi mpaka sasa haijakubaliana kama sare iwe ya zambarau au ya bluu bahari.

Basi tukakaa kwenye chumba cha mazoezi, Kihesa mjini Iringa, mwalimu wa kwaya kwenye kinanda, mimi kwenye laptopu, Shangazi na daftari lake. Mwalimu ni mtu wa nota. Kabla ya kupiga chochote hupanda ngazi yote, do re mi mpaka do ya juu, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kulipa kodi. Akapanda. Kwenye spika ya kinanda ikasikika piano safi kabisa, watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikarudisha nyuma, nikaiambia kompyuta ipige ilichopokea.

Do ikatoka bongo. Re ikatoka tumba iliyozibwa kwa kiganja. Mi, tumba kubwa. Fa, ngoma ya bati inayolia kama sufuria. So ikawa kengele, la ikawa kitu cha kuchakarika mfano wa kayamba, ti ikawa filimbi fupi ya refa, na ile do ya juu, ambayo Mwalimu aliishikilia kwa hisia, ikawa filimbi ndefu ya kumaliza mpira.

Kimya.

“Baba,” Shangazi akaniambia, “hiyo ni ya ibada au ya jando?”

Mwalimu aliondoa mikono kwenye kinanda, akaitazama.

Maelezo yake ni mepesi ukishayajua. MIDI ina chaneli 16, na tangu mwaka 1991, walipopanga kwamba kila sauti iwe na namba yake moja popote duniani, chaneli ya 10 waliiacha kwa ngoma. Ukipeleka kitu huko, kompyuta haikuulizi ni wimbo wa nani. Kitufe namba 60, ambacho ni do ya katikati ya kinanda, huko ni bongo, na hakuna rufaa. Kinanda kilikuwa kimeazimwa harusini wiki iliyotangulia. Mpiga kinanda wa huko alihitaji ngoma za kompyuta yake, akakiweka chaneli ya 10, akala pilau, akaondoka. Nilikirudisha chaneli ya 1 mambo yakatulia, ila nitasema ukweli, ngazi ile kwa bongo na filimbi ilikuwa na raha yake. Vijana wa sauti ya nne waliomba niihifadhi. Nimeihifadhi.

Tukahamia kwenye sauti yenyewe, ile ya namba, na huko ndiko kwenye eko.

Ni lazima nieleze uhusiano wa makanisa yetu na eko. Mwimbaji wa huku akishika maiki asiposikia neno lake la mwisho likirudi mara nne, anajua mitambo imeharibika. Kinanda kina eko yake ndani. Programu ya kurekodia ina eko zake, nyingi, kila moja na picha ya kanisa kubwa la Ulaya. Mixa ya kwaya nayo ina kitufe cha eko ambacho kilishang’oka, kimebaki kwenye kiwango alichokiacha aliyeking’oa. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu tayari una eko tatu, na mwalimu anasema, “Ongeza kidogo.”

Nikaongeza. Kilichotokea hakikuwa cha kiroho. Vinanda vingine vya siku hizi, kwenye ule waya wa printa, vinapeleka sauti kompyuta na pia vinapokea sauti kutoka kompyuta ili zitoke kwenye spika zao. Hiki kilitoka kiwandani kikiwa kimewekwa hivi: chochote kinachopokea kutoka kompyuta, kinakirudisha kompyuta pamoja na cha kwake. Kinanda kinaaminika mno. Kwa hiyo noti moja ya Mwalimu ikaingia kwenye kompyuta, ikavikwa eko, ikarudi kwenye kinanda itoke spikani, kinanda kikaona si vizuri kuibana, kikairudisha kompyuta, ikavikwa eko juu ya eko, ikarudi tena. Mzunguko wote huo unachukua muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Noti moja ya so ikawa upepo, upepo ukawa ndege inayopita chini, na ndege ikawa kilio cha kitu kisichokuwa na jina. Mbwa wa Kihesa waliitikia. Mwalimu alikuwa ameshainua mikono juu kabisa, ili kila mtu aone kwamba si yeye.

Nilichomoa waya. Kukawa kimya, halafu kwa mbali bado ikasikika eko ya mixa.

“Hiyo yote,” Shangazi akauliza, kalamu iko juu ya daftari, “ni eko tuliyolipia sisi, au kuna ya mtu mwingine?”

Dawa yake ni kuingia kwenye menyu za kinanda, ukurasa wa ndani kabisa, na kuzima huko kurudisha. Kuna watu wanapitia miaka mitatu ya kurekodi bila kujua ukurasa huo upo. Wanachofanya ni kuchomoa waya kila sauti inapoanza kulia, na wanauita ujuzi. Baada ya hapo zima eko ya kinanda, rekodi sauti kavu, kisha eko iwekwe moja tu, mwishoni, kwenye kompyuta. Sauti kavu waimbaji wanaichukia. Wanasema inawafanya wasikike kama walivyo.

Kuchelewa kwa sauti nitakupitisha haraka, kwa sababu kila mwenye laptopu ya mkono wa pili anakujua. Kompyuta haipendi kushughulikia sauti punje kwa punje, inangoja ijaze debe. Ukiiwekea debe la punje 2,048, ambazo mafundi huziita sampuli, inachukua sekunde 0.046 kulijaza kabla haijafanya lolote, na katika muda huo sauti ya kawaida hewani ingekuwa imeshatembea karibu mita 16. Maana yake Mwalimu anapiga kinanda Kihesa na anajisikia kutoka kwa jirani. Akijisikia amechelewa anajisubiri. Akijisubiri anachelewa zaidi. Wimbo wa shukrani wa mavuno uliingia ubeti wa kwanza ukiwa unacheza na ukatoka ubeti wa tatu umebeba jeneza. Punguza debe, laptopu inaanza kukwaruza. Tuliishia katikati, kama kamati zote.

Mngurumo je? Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kabisa kwenye piano iko kwenye 49. Kwa hiyo chaja ya laptopu na spika zikichomekwa soketi mbili zisizoelewana, utasikia umeme ukiimba G iliyopanda kidogo. Simu ikikaribia kuita, zile kelele za tititi kwenye spika zinapiga mara 217 kwa sekunde, ambayo ni A iliyoshuka kidogo. G iliyopanda na A iliyoshuka, zikisikika pamoja, zinatoa kitu ambacho mama mmoja wa sauti ya kwanza alikiita “kuugua”. Lakini besi mmoja mzee alishauri nyimbo zote tuziweke G, ili umeme utusaidie. Sijasikia ushauri wa kifundi ulio bora kuliko huo kwa mtu asiye na hela ya kubadilisha nyaya za nyumba. Sisi tulichomoa chaja, tukarekodi kwa betri, tukiitazama ile asilimia inavyoshuka jinsi wengine wanavyotazama dakika za nyongeza.

Kwaya ilikuja Mbeya kurekodi sauti. Walifika wamejifunika makoti, wakidai Iringa hakuna baridi ya namna hii, nasi wa Mbeya tukawajibu, jambo ambalo sisi wenyewe hatuliamini, kwamba hii si baridi. Usiku, bati kimya, dada wa steshenari amesharudishiwa waya wake. Mama wa sauti ya kwanza akaingia chumba cha magodoro, akasimama mbele ya maiki. Nikampa ishara. Akaimba. Mimi kwenye spika zangu sikusikia kitu.

Taa za programu zinaonyesha sauti inaingia, mistari inapanda na kushuka vizuri kabisa. Inatoka wapi? Haitoki. Nikamwomba arudie. Akarudia, akakosea mstari wa pili, akasema “Ee Bwana nisamehe”, akaanza tena. Kimya kwenye spika. Nikagusa nyaya zote. Ndipo mlango ukagongwa, akaingia kinyozi wa jirani, kipande cha ndevu za mteja bado kipo kwenye shuka begani.

“Kaka, mwambie mama apande kidogo pale kwenye ‘milele’. Wateja wanasema anapafikia chini.”

Laptopu zina kumbukumbu ambayo binadamu hatuna. Mchana kinyozi aliniomba nimwekee nyimbo kwenye spika yake ya bluetuthi, nikaziweka, yakaisha. Usiku alipoiwasha tena, laptopu yangu iliitambua kupitia ukuta, ikaona huyu ni rafiki, ikampelekea kila kitu bila kuniuliza. Saluni nzima ilikuwa inafuatilia kipindi: mama anakosea, mama anatubu, mama anaanza upya, na mimi katikati nikisema “sisikii, rudia”. Mteja mmoja, kichwa kimenyolewa nusu, alikuwa amekataa kuendelea kunyolewa mpaka ajue kama ataipata ile noti.

Aliipata. Walipiga makofi. Makofi hayo, kwa kuwa ukuta ni mwembamba, yamo kwenye rekodi, na nimeyaacha. Ni eko pekee kwenye wimbo ule ambayo haikulipiwa.

Sasa video. Kwaya isiyo na video huku haihesabiki kuwa imerekodi. Kamati ilichagua Isimila, pale nje kidogo ya Iringa kwenye barabara ya kuja Mbeya, kwenye zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, mahali ambapo wataalamu wameokota zana za mawe za watu wa kale. Wimbo niliwakabidhi ukiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, kama video inavyotaka. Kompyuta ya mpiga picha ilikuwa kwenye 44,100, kipimo cha CD za muziki. Programu yake, ambayo ni ya kistaarabu, iliuliza kabla ya kupokea: faili hili si la kipimo changu, nilibadilishe? Kijana msaidizi akabonyeza Hapana. Amelelewa vizuri yule kijana, hawezi kubadilisha kitu cha watu bila ruhusa.

Zile sampuli 48,000 zilizotakiwa kuisha ndani ya sekunde moja sasa zikawa zinapigwa 44,100 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 ukawa wa dakika 4 na sekunde 21, na sauti zote zikashuka nusu toni moja na nusu. Sauti ya kwanza wakawa sauti ya pili. Sauti ya pili wakawa kaka zao. Besi wakawa milima. Pale Isimila, jua la mchana, spika iko chini ya nguzo, kwaya nzima ikacheza kwa mwendo huo mzito hatua kwa hatua mpaka mwisho, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mmoja alidhani ni spika. Besi hawakudhani chochote. Walikuwa wanatabasamu.

Nilipoletewa picha niweke wimbo halisi juu yake, midomo haikukubali. Wimbo unakwisha, kwaya bado inafungua mdomo. Nikaeleza kamati kwamba tunaweza kurudi Isimila. Shangazi akafungua daftari, akasoma nauli ya basi la kukodi, chakula, kiingilio, mafuta ya genereta ya mpiga picha. Akalifunga. Besi mmoja akanyoosha mkono akasema, kwa heshima zote, kwamba wimbo ukiwa chini una utukufu zaidi. Kura zikapigwa, na besi, ambao kwa kawaida hawaji hata kwenye mikutano, siku hiyo walikuwepo wote.

Video ikatoka hivyo, ikapendwa, na shida ikahamia kwa Mwalimu, maana sasa watu wanataka kuusikia kanisani kama ulivyo kwenye video. Kitufe cha transpozi kwenye kinanda kinashusha nusu toni moja, au mbili. Moja na nusu hakina. Ikabidi tushushe moja kwa transpozi, kisha tuingie kwenye menyu za ndani tushushe na A yenyewe kutoka 440 mpaka karibu 428. Ndipo kinanda kikakaa mahali ambapo hakuna ala nyingine yoyote duniani inayokaa.

Tulilijua hilo vizuri Tukuyu, kwaya ilipoalikwa kwenye tamasha, na wenyeji wakasema vijana wao wa tarumbeta wangeunga kibwagizo. Wamoravian walifika huko Rungwe mwaka 1891, na kanisa lao kule Ujerumani lina mapenzi ya siku nyingi na ala za kupuliza, kwa hiyo ukialikwa huko jiandae kupulizwa. Vijana wakajaribu. Wakibonyeza vali hivi wako juu yetu, wakibonyeza vile wako chini yetu. Wakavuta vipande vya kupatanishia mpaka mwisho wa vipande, na bado hatukukutana. Mwalimu akanitazama mimi. Mimi nikaitazama laptopu, ambayo hata haikuwa imewashwa.

Pembeni alikaa mzee mwenye tromboni. Hakuwa amesema kitu tangu asubuhi zaidi ya kutusalimu. Akaiweka mdomoni, akavuta lile bomba, akasikiliza, akavuta tena kama upana wa vidole vitatu.

“Hapa?”

“Hapo hapo, Babu,” Mwalimu akasema.

Akapiga wimbo wote kwa mkono uliopinda namna ambayo si ya kitabuni, na hakukosa noti. Shangazi alisogea karibu naye, akaichungulia tromboni mbele, akazunguka akaichungulia nyuma, halafu akanirudia na daftari lake kwapani.

“Baba, ile nayo inatumia waya gani?”

Nikamwambia haitumii waya.

Akafungua daftari. “Inauzwa shilingi ngapi?”